Mwalimu wa Tezi ya Ndama

Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa na ugomvi usiokwisha na wenye mabucha wa Vwawa. Wao walitaka kumuuzia nyama kama watu wengine, yeye akitaka tezi. Kila Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya bucha na koti lake jeupe la maabara, lenye madoa ya kahawia ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza, akiuliza kama kuna ndama aliyechinjwa. Ng'ombe mkubwa hakumtaka. Alitaka ndama, na katika ndama alitaka kile kinofu cheupe kinacholala juu ya moyo na kupanda hadi shingoni, ambacho wenye bucha walikuwa wakiwatupia mbwa. Mmoja wao aliwahi kumtania kwamba bila shaka anatengenezea dawa ya mapenzi. Mwalimu akamjibu kwamba dawa hiyo ikiiva ataanza kumpa yeye, maana mtaa mzima unajua mkewe ameshamkimbia mara mbili. Watu wakacheka, naye akaondoka na tezi yake ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Nilimfahamu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimpenda kama mzazi. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nasimulia habari za mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshamsahau.

Tezi ile ilikuwa somo lake kubwa la mwaka. Aliiweka kwenye sahani ya bati juu ya meza ya mbele, akaipasua kwa wembe, akatuita mmoja mmoja tuiguse. Ilikuwa laini na baridi. "Hii ni shule," alisema. "Shule ngumu kuliko hii yenu." Kisha akatueleza jinsi seli za kinga zinavyozaliwa ndani ya uboho wa mifupa, zikiwa hazijui lolote, zikasafiri na damu hadi kwenye tezi hiyo kwenda kufunzwa. Kila seli huota juu yake kitu cha kupokelea habari, kipokezi, na kila moja huota cha namna yake. Halafu inajaribiwa. Inaonyeshwa vipande vya mwili wenyewe. Kama kipokezi chake hakikamati chochote na hakipeleki habari yoyote ndani, seli hiyo haina kazi, inakufa. Kama kinakamata kwa nguvu mno, seli hiyo ikiachiwa itaushambulia mwili uliouzaa, nayo inakufa. Inayopona ni ile iliyosikia kiasi.

"Anayepita mlangoni kwako bila hata kutazama, huyo si jirani," alisema. "Anayeingia moja kwa moja hadi chumbani, naye si jirani. Jirani ni yule anayepiga hodi, akasubiri." Mimi nilikuwa binti wa kidato cha tatu, mwenye viatu vya kurithi, na nilisikia nywele zinanisisimka. Sikujua kwamba ndani ya mwili wa mtu kuna mambo ya namna hiyo. Nilitoka darasani nikijishika kifua, nikifikiria shule iliyokuwa humo.

Alikuwa na tabia ya kuyasema mambo bila kuyapaka sukari, na watu wa kwetu, ambao hata kukataa chai wanakuzungushia maneno robo saa, walimwogopa kwa hilo na kumpendea hilo hilo. Siku ya wazazi alimwambia baba mmoja mbele za watu, "Mtoto wako hana kichwa cha fizikia, lakini nimeona kuku aliowafuga nyuma ya bweni. Mjengee banda." Baba yule alinuna miaka miwili. Leo mtoto huyo ndiye anayelisha mayai nusu ya Mlowo. Kwenye mazishi ya mtoto wa jirani, mchungaji aliposema kwamba Mungu amempenda zaidi, Mwalimu, ambaye alikuwa mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya kanisa hilo hilo, alimfuata baadaye nyuma ya kanisa akamwambia, "Mtoto amekufa kwa kuhara, mchungaji. Tuwaambie watu wachemshe maji." Jumapili iliyofuata mchungaji aliwaambia watu wachemshe maji.

Neno asilolitaka lilikuwa "labda". Ukiliandika kwenye daftari alilikata kwa wino mwekundu hadi karatasi ikatoboka. "Unajua au hujui?" aliuliza. "Kama hujui, andika sijui, nitakupa alama ya uaminifu." Na kweli alitoa. Kuna mwaka msichana mmoja aliandika "sijui" maswali yote sita, akapata alama sita na viboko sita.

Sasa huyu mtu aliyepasua vyura bila kukunja uso alikuwa akimkimbia kinyonga. Namaanisha kukimbia kwa miguu. Siku moja tukiwa shambani kwake tunachuma kahawa, maana tulikuwa tukimsaidia msimu wa mavuno, kinyonga alitokea kwenye tawi karibu na mkono wake. Mwalimu alitupa kikapu, kahawa ikamwagika yote, akasimama mbali anatweta, anatuambia kwamba mnyama yule hana sumu wala madhara yoyote kwa binadamu. "Basi rudi, Mwalimu," tukamwambia. Akasema anapumzika. Alikuwa pia akichukia umbeya kuliko dhambi nyingine zote, akiwafukuza darasani wasichana wanaonong'ona, lakini hakukuwa na jambo lililotokea kati ya Vwawa na Mbozi Mission ambalo hakulijua kabla ya chai ya saa nne. Tulipomuuliza amelijuaje, alisema yeye hasikilizi umbeya, anakusanya taarifa.

Jambo lingine ambalo lazima niliseme ni ugomvi wake na harusi. Miaka ile msichana alimaliza kidato cha nne, na kabla matokeo hayajatoka alikuwa ameshavishwa kitenge cha mke wa mtu. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuja, biashara ya mpakani imechangamka, vijana wana haraka ya kuoa. Mwalimu alichukua kila ndoa ya mwanafunzi wake kama wizi. Hakuhudhuria hata moja. Alipanda baiskeli yake hadi nyumbani kwa wazazi, akakaa kwenye kigoda, akagombana na baba mwenye nyumba hadi chakula kinaletwa, akala, akaendelea kugombana. Mara nyingi alishindwa. Alikuwa akirudi shuleni kimya, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kufanya mchezo darasani.

Nafika sasa kwenye habari yangu.

Mama yangu alizaa watoto sita. Ukimuuliza alisema watatu. Kwetu mtoto aliyekufa kabla hajatembea hahesabiwi. Anazikwa na wanawake, asubuhi, bila matanga, na jina lake halitajwi tena. Wale watatu wasiohesabiwa walikuwa wavulana. Sisi tuliobaki ni wasichana. Wavulana wote walikwenda kwa njia moja. Walizaliwa wanono, wakakaa miezi mitatu wakicheka, halafu mdomoni ukaja utando mweupe usiotoka, kikohozi, kuhara kusikokoma, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamekwisha. Wa mwisho nilimbeba mimi mgongoni. Alikuwa mwepesi mno kwa umri wake. Shangazi zangu hawakusema kitu mbele ya mama, ila nyuma ya nyumba walisema mama anakula wavulana, na wengine wakasema ni ule ugonjwa mpya. Baba hakumfukuza mama, na hakumtetea.

Mwalimu alipotufundisha urithi alitupa kazi ya kuchora familia zetu. Mwanamke ni duara, mwanamume ni mraba, na mwenye uwezo wa kukunja ulimi apakwe wino. Kazi nyepesi tu ya kuchekesha. Mimi nilichora bibi, nikachora mama na baba, nikachora maduara matatu yetu. Halafu sijui ni kitu gani kilinishika, nikachora miraba mitatu pembeni yetu, nikaipaka wino yote. Ilikuwa mara ya kwanza wale wavulana kuandikwa mahali popote. Hata kadi za kliniki mama alikuwa amezichoma.

Mwalimu alipita akikusanya karatasi. Yangu aliitazama kwa muda mrefu. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa lile koti.

Saa saba mchana, wenzangu wakiwa kwenye foleni ya makande, aliniita nje ya maabara. Akaniuliza maswali kwa sauti ya chini. Walianza kuumwa wakiwa na umri gani? Mdomoni je? Wajomba zako wako wapi? Nikamwambia bibi naye alizika wavulana, wawili, na kwamba jambo hilo nililisikia kwa kujificha. Ndipo akaniambia. Alikuwa amelisoma kwenye majarida ambayo daktari mmoja mgeni alimwachia alipokuwa akirudi kwao. Akanieleza kwamba kabla ya ile mitihani ya kwenye tezi kuna kitu cha kwanza kabisa. Mwili huitumia seli changa ujumbe mdogo: ishi, gawanyika, endelea. Seli inaupokea kwa kipokezi kingine, kilichoungwa kwa vipande. Kipande kimoja kikikosekana, ujumbe unatumwa na hakuna wa kuupokea. Seli zinakufa kabla ya kuanza kusoma. Tezi inabaki tupu. Mtoto anazaliwa mzima, anaishi miezi michache kwa kinga aliyopewa na mama yake tumboni, na ile ikiisha, hata ukungu wa mdomoni unamuua.

"Maelezo ya kutengeneza kipande hicho yako kwenye kromosomu X," akasema. "Msichana ana mbili, mbovu ikifidiwa na nzima. Mvulana anayo moja. Mama yako si mchawi, na hana huo ugonjwa wanaousema. Amebeba kitu asichokijua, kama mama yake alivyobeba."

"Na mimi?"

"Wewe ni nusu kwa nusu. Kama unayo utaishi hadi uzeeni bila kuumwa hata jino. Na kama unayo, kila mvulana utakayemzaa ni nusu kwa nusu."

Hakusema labda. Sikutegemea aseme. Nililia pale pale, na nilikuwa nalia kwa furaha, watu wasielewe vibaya. Tangu utoto nilikuwa nikimtazama mama yangu anapika, na mahali fulani moyoni nilikuwa nikijiuliza kama yale ya shangazi ni kweli. Mwalimu aliniondolea mzigo huo kwa dakika kumi. Akaniambia, "Hili libaki kati yangu na wewe. Watu hawatalielewa." Nikamwambia ndiyo, Mwalimu.

Nilijaribu kumweleza mama, mara moja tu, tukiwa tunapembua maharage. Nilitumia maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imesimama juu ya ungo. Akasema, "Kwa hiyo ni mimi." Nilipojaribu kuongeza neno aliinuka akaenda kuchota maji yasiyohitajika. Sikulitaja tena. Kwa hiyo duniani tulibaki watu wawili tunaolielewa, mimi na Mwalimu.

Nilipomaliza kidato cha nne alikuja kijana kunichumbia. Alikuwa fundi redio pale Vwawa, mcheshi, mwenye kidole gumba kilichoungua kwa risasi ya kuunganishia nyaya. Nilimpenda. Naliandika hivyo bila kuona haya, nilimpenda, na yeye alinipenda. Watu wao walileta jembe nyumbani kwetu, likasimamishwa ukutani sebuleni, ishara kwamba mazungumzo yamefunguliwa. Baada ya hapo, kama ilivyo desturi, mzee wao mmoja alianza kuzunguka kuulizia habari za binti. Anakwenda kwa jirani, kwa mchungaji, kwa mwalimu. Na wote wanajua namna ya kujibu. Mwenye jambo zuri analisema. Mwenye jambo baya anasema, "Mimi huyo simfahamu sana," na mzee mwenyewe anaelewa. Hakuna anayetaja ugonjwa wala vifo vya nyumba ya mwenzake. Hata shangazi zangu, kwa midomo yao yote, walimwambia mzee yule kwamba mimi ni mchapakazi.

Mzee alikwenda kwa Mwalimu siku ya Jumatano. Ijumaa walikuja vijana wawili wa ukoo wao, wakasalimu vizuri, wakakataa kukaa, wakalichukua jembe. Walipita nalo barabarani mchana kweupe, begani, na kila aliyekuwa akianika kahawa yake aliwaona.

Maneno hayakukawia. Mke wa yule mzee alimwambia mwenzake kanisani, na mwenzake akamwambia shangazi: Mwalimu amesema, kabla hamjaoa nyumba ile, kaulizeni kwanza wavulana wa mama yake wako wapi. Sentensi moja. Hakutaja tezi, hakutaja kromosomu, hakutaja kwamba mama hana kosa. Aliwapa swali, na jibu walikuwa nalo tayari tangu zamani. Mama aliacha kwenda kwenye umoja wa wanawake. Alikuwa ndiye anayeanzisha nyimbo pale, na baada ya hapo sikumsikia tena akiimba, hata akiwa peke yake jikoni.

Nilimfuata Mwalimu nyumbani kwake. Alikuwa akigeuza kahawa kwenye vichanja, hakuinua uso. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Aliniuliza, nikajibu. Ulitaka niseme uongo?"

Nilikuwa nimeumia, lakini nilimjua mtu huyo. Nilikuwa nimemwona akimwambia mchungaji ukweli, akiwaambia wazazi ukweli. Nikajiambia kwamba mtu asiyeweza kusema uongo huwezi kumdai anyamaze. Nilikaa na maelezo hayo miaka yote, na yalinisaidia. Yule fundi redio alioa kabla ya mwaka kwisha. Matokeo yangu yalitoka mazuri, Mwalimu akaniandikia barua tatu kwa mkono wake kuniulizia nafasi, nikaenda kidato cha tano, nikaenda chuo, nikawa mtaalamu wa maabara. Kila likizo nilipita kumsalimia. Alinipa kahawa ya kukaanga nipeleke chuoni, akanitania kwamba huko mjini wanakunywa majivu.

Sikuzaa. Nataka hili lieleweke vizuri. Hakuna kipimo nilichowahi kufanyiwa, maana hapa kwetu hakipo, na huko kilipo sikuwahi kufika. Niliamua tu. Nilikuwa nimembeba ndugu yangu mgongoni na nilijua uzito ule. Niliishi miaka minne na mwanamume mmoja wa Nakonde, mfanyabiashara wa mitumba, mpole sana. Alipoelewa kwamba sitabadili mawazo alifunga mabegi yake. "Wewe mukwai umeolewa na mwalimu wako," akaniambia, kwa lile neno lao la heshima, kisha akavuka mpaka kurudi kwao. Mdogo wangu wa mwisho ameolewa Galula, na ana wavulana wawili. Kila alipojifungua nilihesabu miezi kwa siri, wa tatu, wa nne, wa tano, nikisubiri simu. Simu haikuja. Wavulana wale sasa wanaendesha bodaboda na kula ugali wa watu wanne. Nilijiambia kwamba mdogo wangu alipata nusu nzuri. Inawezekana. Ndivyo nusu kwa nusu ilivyo.

Mara ya mwisho kumwona Mwalimu ilikuwa Tunduma, kwenye kituo cha afya nilikofanya kazi. Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Ilikuwa saa tano asubuhi, malori ya kwenda Zambia yamefunga barabara, vumbi linaingia hadi ndani, na kwenye benchi la wanaosubiri kutolewa damu alikuwa ameketi mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. Nilimtambua kwa namna alivyokuwa akisoma bango la ukutani huku akitikisa kichwa, anatafuta makosa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba! Lo! Ni wewe?" Akasimama, akanishika mabega yote mawili, macho yakamlowa. Amestaafu, akasema. Homa imemkamata akiwa njiani kumtembelea binti yake. Akaketi tena, akamgeukia mwanamke aliyekuwa pembeni yake, mama mmoja wa Kisukuma, mfugaji, aliyetoka bondeni Kamsamba na mtoto wake anayeumwa. "Huyu unayemwona ni mwanafunzi wangu. Nilimnyang'anya mikononi mwa waoaji."

"Alikuwa anaolewa?" akauliza yule mama.

"Jembe lilikuwa limeshasimama kwao!" Mwalimu alikuwa anafurahi, mgongo umenyooka. Mimi nilikuwa nimeshamchoma kidole, natandaza damu yake kwenye kioo. "Mzee wao akaja kwangu kuulizia. Binti ana heshima? Nikamwambia anayo. Anajua kulima? Nikamwambia hata mimi ananishinda. Basi, akaridhika kabisa, akachukua fimbo yake aondoke. Nikaona, huyu nikimwacha aende hivi, mwanafunzi wangu kwisha habari yake. Nikamwita arudi. Nikamwambia, kabla hamjaoa nyumba ile, kaulizeni kwanza wavulana wa mama yake wako wapi. Yule mzee aliondoka mbio!" Akacheka hadi akakohoa.

Niliweka kioo mezani.

"Mwalimu," nikasema, "wewe uliniambia alikuuliza."

"Nilikuambia hivyo?" Akafikiri kidogo. "Ulikuwa mtoto. Ningekuambia nimeivunja posa yako ili usome, ungeniona adui. Na si umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi."

Miaka kumi na tisa nilikuwa nimemsamehe mtu mmoja, na mtu huyo hakuwahi kuwapo. Hakuna aliyemuuliza habari za wavulana. Alimrudisha mzee wa watu kutoka mlangoni, akawachukua ndugu zangu watatu wasiotajwa hata na mama yao, akawatumia kama fimbo ya kufukuzia posa. Na mama yangu alikuwa ameshakufa, akiwa ameliamini jibu la swali lile.

Yule mama wa Kisukuma alikuwa anamtikisa mtoto wake mapajani. "Na baadaye aliolewa lakini?" akauliza. "Ana watoto wangapi?"

Mwalimu akanigeukia na uso wa upendo mtupu. "Eti. Una wangapi sasa?"

"Sina."

"Hata mmoja? Mbona?"

Nilimtazama nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza.

"Kwa sababu ya uliyoniambia juu ya ndugu zangu," nikasema. "Ile kasoro. Nusu kwa nusu."

Alikunja uso, akarudi nyuma kwenye miaka, akaipata. "Aa, ile! Lakini mwanangu, ile ilikuwa kukisia. Wale watoto mimi sikuwaona hata siku moja. Huenda ilikuwa hiyo, huenda maji, huenda surua tu. Niliona karatasi yako, nikakumbuka kitu nilichosoma."

"Hukusema unakisia."

"Ulikuwa msichana mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha," akasema, kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi. "Ningekuambia nakisia, ungenisikiliza?"

"Nilikusikiliza, Mwalimu," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa hadi watu waliopanga foleni kwenye dirisha la dawa wakageuka. "Katika wote uliowafundisha, mimi ndiye niliyekusikiliza."